Mabinti wa Berega

Ukifika Berega, kaskazini mwa wilaya ya Kilosa, ukaingia kwenye nyumba ya kulelea yatima iliyo jirani na hospitali, utawakuta wasichana wamekaa kivulini, kila mmoja amepakata mtoto mchanga. Mgeni huwahi kuhukumu. Huwaona ni watoto waliozaa kabla ya wakati wao, akaanza kusikitika moyoni. Kumbe hakuna hata mmoja aliyemzaa mtoto aliyembeba. Huyu ni mama mdogo wa mtoto, yule ni shangazi yake, mwingine ni dada yake wa tumbo moja ambaye juzijuzi tu alikuwa akicheza rede na wenzake. Pale Berega wote wana jina moja: mabinti.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mama amekufa kwa uzazi, pengine njiani akiletwa hospitali, pengine baada ya siku chache kwa homa. Mtoto yupo, titi halipo. Kanisa la Anglikana, lililo na nyumba hiyo tangu miaka ya 1960, linampokea na kumpa maziwa, dawa na kitanda. Lakini kwa desturi ya pale mtoto hapokelewi peke yake kama kifurushi. Ukoo unaombwa utoe mtu wake, mara nyingi msichana, aje kukaa naye, amlishe, amwogeshe, amwamkie usiku. Mtoto akiisha kupita umri wa hatari, ameshatembea na anakula ugali, wanarudi kijijini wote wawili.

Nimejiuliza mara nyingi utaratibu huu ulitoka wapi. Haukuja kwa meli kutoka Ulaya. Nyumba za yatima za Ulaya ya karne ya 19, ambazo mfano wake ulivuka bahari hadi Bagamoyo, zilisimama juu ya wazo kwamba yatima hana mtu. Bagamoyo wazo hilo lilikuwa la kweli: watoto waliokombolewa sokoni walikuwa wametenganishwa na jamaa zao kwa mamia ya maili. Berega mtoto ana mjomba, ana bibi, ana ukoo mzima. Anachokosa ni maziwa na mtu wa kukesha naye. Wala utaratibu huu haukutoka kwenye mila tupu, kwa maana mila peke yake, zamani, haikuwa na la kufanya kwa kichanga kisicho na titi, na mara nyingi kilimfuata mama yake kaburini. Umezaliwa katikati, na mimba yake ilikuwa ndefu. Kuisimulia inabidi turudi nyuma karibu miaka 150, tuanzie njiani.

Kilosa ni nchi ya njia. Kabla ya reli, kabla ya lami, misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji ilipanda milima hii ya Usagara na Ukaguru, ikateka maji, ikanunua mtama na mahindi, ikaendelea. Imani ya Kikristo nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo, na mwanzoni haikuwa na nia ya kukaa. Mwezi Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapa barua ya msafiri Stanley iliyosema Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, kikakusanya watu na fedha, na mwaka 1876 kundi la kwanza likafika pwani. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti, akafyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877. Wamisionari wa Kikatoliki, wale waitwao Mapadre Weupe, walipita mwaka uliofuata wakielekea Tabora na ziwani. James Hannington alipita mwaka 1882 akiumwa vibaya, akarudi kwao, akaja tena akiwa askofu, kwa njia nyingine, akauawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Macho ya wote hao yalikuwa Uganda. Ukaguru palikuwa mahali pa kutua mizigo na kupumzisha wapagazi.

Msafara, hata hivyo, unahitaji vituo, na kituo kinahitaji mtu. Mwaka 1880 Joseph Last, ambaye hakuwa kasisi bali mlei, alifungua kituo Mamboya. Mkewe, Annie, alimfuata huko, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiingereza kuishi bara kiasi hicho upande huu wa Afrika. Hakukaa sana, alifariki mwaka 1883. Last mwenyewe alijifunza Kikaguru kwa bidii ya mtu asiye na pa kwenda, na mwaka 1886 kitabu chake cha sarufi ya lugha hiyo kilichapishwa London. Sijui kama kuna kipimo bora cha kukaa kuliko hicho. Mpita njia hujifunza kusalimu na kuuliza bei. Anayejifunza jinsi kitenzi kinavyogeuka amekusudia kuzungumza na watu.

Mamboya yenyewe ilikuwa na mkuu, Senyagwa Chimola, aliyepata nguvu kutokana na biashara ya misafara na uhusiano wake na dola ya Zanzibar. Misafara hiyo ilibeba pembe, ilibeba nguo na baruti, na ilibeba watu. Hapo ndipo neno upendo lilipotua: katika bonde ambamo binadamu alikuwa na bei inayojulikana, na ambamo ukoo uliobanwa na njaa au deni uliweza kumtoa mmoja wake ili wengine waishi.

Upande wa Wakatoliki mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, hawakupanda bara wakiwa peke yao. Vituo vyao vya Mhonda na Mandera vilianza na vijana waliokombolewa utumwani, wakafundishwa kazi na sala, wakaoana, kisha wakapelekwa bara wawe kijiji cha kwanza cha Wakristo. Mwaka 1885 wakafungua kituo Usagara, walichokiita La Longa. Fikiri maana yake. Mtu aliyepitishwa njia hii shingoni ana mnyororo anarudi kwa njia ileile akiwa na jembe na mke, anaambiwa aishi na kuwapenda watu wa bara, ambao pengine ndio waliomkamata au kumuuza. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu mapadre. Kwangu mimi, darasa la kwanza la upendo katika milima hii lilifundishwa na hao waliorudi, na hata majina yao mengi hayakuandikwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mzungu wa aina nyingine alikuwa amepita bondeni. Kila aliyesoma shule Tanzania anamjua. Tarehe 29 Novemba 1884, Msowero, ambayo vitabu vya historia huiita Msovero, Carl Peters alimfanya mkuu wa pale, Mangungo, atie alama kwenye karatasi, na kwa karatasi hiyo nchi ikawa mali ya Wajerumani. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba karatasi ile iliitwa mkataba wa urafiki wa milele. Urafiki! Leo mtu akisaini mkataba wa hovyo, awe waziri au mwenyekiti wa kijiji, husemwa amefanya ya Mangungo. Naona tunamwonea kidogo mzee yule. Alichoambiwa ni neno jema, na katika mila zake urafiki ulikuwa kitu cha kuheshimiwa, cha kuchanjiana damu. Aliyelitoa neno ndiye aliyelivunja.

Basi mtu wa Kilosa wa miaka ile alisikia maneno mawili kutoka kwa watu wa rangi moja, katika bonde moja, karibu kwa wakati mmoja: urafiki wa Peters na upendo wa misheni. Angeyatofautishaje? Kwa maneno hayatofautiki. Ilibidi asubiri aone nani atakaa, na akikaa atakaaje.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wamisionari wengi walikaa miaka 20 au 30 bila kushika jembe hilo. Walijenga nyumba zao mlimani, walikula mezani pao, walifundisha, walitibu, waliombea, kisha jioni wakarudi kwao. Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeanza kuishi na Wakaguru mwaka 1957, aliandika kitabu kizima juu ya misheni ya CMS Ukaguru, kilichotoka mwaka 1982, na mengi yaliyomo yanauma. Aliona watu waliohubiri undugu bila kuweza kukaa mkekani na hao ndugu. Wako wanaosema alizidisha chumvi, kwamba hakuipenda misheni tangu mwanzo. Huenda. Lakini wazee wengi wa makanisa yetu wangekisoma kitabu kile wakitikisa vichwa, wakikumbuka mlango wa nyuma waliopitia.

Jembe lilikuja kwa vita. Mwaka 1914 Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza kwa kuwa ni watu wa nchi adui, wakawazuia Kiboriani karibu na Mpwapwa, kisha Tabora. Makanisa ya udongo ya Ukaguru na Ugogo yakabaki na walimu wa Kiafrika, watu wa mshahara kidogo na elimu ya vitabu vichache. Nao hawakuachwa. Wengi walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakafungwa minyororo, wakapigwa, wakaswagwa hadi Tabora. Mnyororo tena, njia ileile tena. Kilosa iliangukia mikononi mwa majeshi ya Waingereza mwezi Agosti 1916, na Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji mwezi uliofuata. Vita ilipohama, njaa ilikaa. Ile ya miaka iliyofuata Wagogo waliipa jina la Mtunya, na haikuishia Ugogo. Ikaja na mafua makali yaliyoizunguka dunia.

Walimu waliotoka gerezani walirudi kwenye vijiji hivyo. Yeyote angewaelewa kama wangerudi kwenye mashamba yao na kusahau vitabu. Mwaka 1921 wawili kati ya wazee wa kanisa hilo changa, Haruni Mbega na Andrea Mwaka, walipewa ukasisi, Waafrika wa kwanza wa CMS katika Tanganyika kuufikia. Chama chenyewe kilikuwa kimeishiwa, hata kikafikiria kuondoka. Mwaka 1927 Waaustralia wakaupokea mzigo, George Chambers akawa askofu wa kwanza wa Tanganyika ya Kati. Lakini kati ya 1914 na hapo, swali la nani atakaa lilikuwa limejibiwa, na waliojibu ni wenyeji.

Kukaa si kupenda, lakini. Watu wanaweza kukaa kanisa moja miaka 40 wakichukiana kwa adabu, na Kilosa ya kati ya vita mbili ilikuwa na sababu nyingi za kuchukiana. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamefunika Kimamba na Rudewa. Watu walikuja manamba kutoka kila pembe ya nchi, Mnyamwezi akalala kambi moja na Mngoni na Mbena, na juu yao alikuwa msimamizi mwenye kiboko, na juu ya msimamizi mzungu au Mgiriki mwenye shamba. Mchungaji akihubiri upendo Jumapili, Jumatatu kengele ya mkonge ililia saa kumi na moja alfajiri.

Kilichotikisa mambo kilitoka, ajabu, kulekule ambako misafara ilikuwa ikienda. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikutana kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kusali pamoja kwa siku mbili. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda alikofanya kazi Church, yakazuka mambo yaliyoitwa Uamsho. Katika miaka ya 1930 na 1940 yalivuka mpaka yakafika Bukoba, yakashuka hadi Tanganyika ya Kati. Imani iliyopita Ukaguru ikiwa na haraka ya kwenda Uganda ilikuwa imerudi, safari hii ikiletwa na Waafrika.

Ndugu wa Uamsho walikuwa na mtindo wao, na si kila mtu aliupenda. Waliungama mbele za watu. Mtu alisimama akasema: ng'ombe yule nilimwiba, mke wangu nilimpiga, wewe mchungaji nilikusengenya. Kisha kesho yake akaenda kumrudisha ng'ombe. Walirudisha vijiko vya misheni, nauli ambazo hawakulipa relini, vitabu vya shule. Wazungu nao walibanwa. Kwenye mikutano hiyo mmisionari alitakiwa kusimama kama wengine na kusema kwamba amekuwa akijiona bora kuliko watu anaowahubiria, na wapo waliosimama wakasema. Watu wa Uamsho hawakuliita tendo hilo ujasiri wala tabia njema. Waliliita neema. Walimaanisha kwamba mtu hawezi kumpenda anayemchukia kwa kujikaza, kama mtu anavyokaza mkanda. Kwanza avunjike, akubali kwamba yeye mwenyewe amesamehewa, ndipo upendo upate pa kupitia.

Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi aliyefundisha Dodoma miaka ya 1940 na 1950, alikuwa akisimulia jinsi, baada ya kuokoka, alivyopanda baiskeli akaendesha maili 50 kwenda kwa mzungu aliyekuwa akimchukia, ili kumwomba msamaha kwa chuki hiyo. Mtu wa leo atauliza kwa nini aliyetawaliwa ndiye aombe radhi. Swali ni la haki. Kivengere mwenyewe angejibu kwamba hakwenda kumfutia mzungu dhambi zake, alikwenda kujiweka huru yeye mwenyewe. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na serikali ya Idi Amin, na Kivengere akiwa mkimbizi, aliandika kitabu alichokiita kwa Kiingereza kwa maneno yenye maana ya kwamba anampenda Idi Amin. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Nadhani ni Watanzania wachache waliotaka kusikia jina la kitabu hicho mwaka ule.

Ninamtaja Kivengere kwa sababu rafiki yake na mwenzake katika Uamsho alikuwa Gresford Chitemo, na Chitemo ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Morogoro, iliyoanzishwa mwaka 1965. Aliishika hadi mwaka 1987. Berega, Mamboya, Kilosa mjini, vyote vilikuwa chini yake. Kanisa lililoanza kama kituo cha wapagazi lilipata askofu aliyelelewa na moto wa kuungama, na miaka hiyohiyo ya mwanzo wa dayosisi ndiyo nyumba ya watoto ya Berega inaposhika mizizi.

Hapa inabidi nieleze kidogo juu ya ukoo wa Kikaguru. Mtoto ni wa upande wa mama. Damu inayohesabiwa ni ya tumbo, mjomba ana sauti kubwa, na dada wa mama ni mama. Kwa hiyo mama anapokufa, kwa hesabu ya ukoo mtoto hajawa yatima kabisa. Mama zake wengine wapo. Sheria hiyo ni nzuri sana kwa mtoto wa miaka saba. Kwa mtoto wa siku saba haitoshi, kwa maana mama mdogo hana maziwa kifuani, ng'ombe ni wa wafugaji bondeni, na maziwa ya kopo bei yake inamshinda mkulima wa mahindi. Tena kulikuwa na hofu. Katika makabila mengi ya nchi hii, Wakaguru wakiwamo, vipo vizazi vilivyoogopwa: kigego, yule aliyeota meno ya juu kwanza, na wengine waliokuja duniani kwa namna isiyo ya kawaida. Zamani hawakuachwa waishi. Kichanga aliyezaliwa mama akafa hakuwa kigego, lakini kivuli cha hofu hiyo hakikuwa mbali naye. Mtoto aliyemwondoa mama yake! Nani atampakata kwanza?

Nyumba ya Berega ililijibu swali hilo kwa kulirudisha kwa ukoo, ikiwa na maziwa mkononi. Haikusema: leteni mtoto, sisi ndio wenye upendo. Ilisema: sisi tuna kopo na daktari, ninyi mna binti, bila binti kopo hili halitoshi. Kwa jinsi ninavyoelewa historia ya misheni, hapo ndipo mgeni aliposhika jembe. Miaka 80 ilikuwa imepita tangu Mamboya.

Usifikiri kazi ya binti ni nyepesi. Ni msichana wa miaka 15, 16, ametolewa kwao kwa sababu yeye ndiye anayeweza kutolewa: hajaolewa, amemaliza darasa la saba, hakuna aliyemwuliza sana. Anakuja na kanga mbili. Usiku wa kwanza mtoto analia hadi alfajiri na yeye analia pamoja naye, kwa sababu aliyekufa ni dada yake. Kumpenda mtoto aliyemwua dada yako, maana mtoto wa kike mwenye uchungu huweza kuliwaza hilo hata kama hatalitamka, ni jambo zito kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Walezi wa pale humfundisha kuchanganya maziwa, kuchemsha chupa, kupima joto, na mengine ya kumfaa maishani. Asubuhi wanaimba na kusali. Wapo mabinti Waislamu, kwa maana Kilosa ni ya dini zote, na kichanga hakiulizwi.

Mwaka 2009 mwandishi wa gazeti la New York Times alifika Berega kuandika juu ya vifo vya wajawazito. Hospitali ile haikuwa na maji ya bomba, na umeme ulikuwa wa kubahatisha. Wakati ule mwanamke wa kijijini kufa kwa uzazi halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Hata katika utafiti wa taifa wa 2015–16 makadirio yalikuwa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulileta 104. Wataalamu watabishana juu ya namna ya kuhesabu, lakini kila aliyekaa Berega anajua kwamba gari la wagonjwa, damu ya akiba na tabibu anayeweza kupasua vimepunguza kazi ya nyumba ya yatima. Ni nyumba ya ajabu hiyo, inayofurahi ikipata watoto wachache.

Nisije nikaifanya Kilosa mbingu. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Rudewa ile ile ya mkonge. Chanzo ni kile kinachojulikana: shamba na malisho, maji ya kiangazi, mipaka ya vijiji iliyochorwa ofisini, mamlaka zilizochelewa. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakikutana minadani, wakiuziana mahindi na mbuzi. Mabonde haya yalikuwa na makanisa na misikiti tangu zamani, na siku ile majengo hayo hayakumzuia mtu. Mahubiri ya upendo yasiyogusa mpaka wa shamba yana pa kuishia, na Kilosa inajua ni wapi. Hata hivyo, ukiingia wodi ya wazazi ya hospitali za wilaya hii, utamkuta mama mfugaji wa Kiparakuyo mwenye shanga amelala kitanda kinachotazamana na cha mke wa mkulima, na ndugu zao wamekaa nje kwenye benchi moja, kila mmoja na chupa yake ya chai, hawazungumzi sana. Wakati mwingine mmoja hutoa kikombe.

Ukishuka kusini, barabara hukutoa Mikumi. Huko mambo ni mengine. Mikumi ni mji wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, mji wa malori, chipsi na vitanda vya kulala usiku mmoja. Hifadhi yake ya wanyama ilitangazwa mwaka 1964, na barabara inaikata katikati, kiasi kwamba abiria wa basi huona tembo bila kulipa kiingilio. Wakatoliki wa Jimbo la Morogoro wana hospitali hapo, na wameiita kwa jina la Mtakatifu Kizito.

Kizito alikuwa mdogo kuliko wote katika mashahidi wa Uganda, kijana wa miaka kama 14, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Walichomwa Wakatoliki na Waanglikana kwenye kuni zilezile. Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake Wakatoliki tarehe 18 Oktoba 1964. Wamisionari waliowafundisha dini walimu wake walikuwa wamepitia njia hii, wakiiona milima ya Usagara kama kikwazo cha kuvuka, wakihesabu siku za kufika kwa Kabaka. Hawakuacha kitu hapa. Miaka mingi baadaye, mtoto wa wanafunzi wao akarudi Mikumi kwa jina, kwenye kibao cha bluu kando ya lami, na dereva wa lori aliyelala usingizi kona mbaya, awe wa Zambia au wa Songea, hupelekwa kwake bila kuulizwa anasali wapi. Kwa mtu wa barabarani hakuna ndugu wa karibu wa kuitwa. Msamaria wa Mikumi anamwokota mtu asiye na binti.

Ndiyo maana, nikiwa Mikumi, mawazo hunirudisha Berega. Siku ya kuondoka pale haina sherehe kubwa. Mtoto amepimwa uzito mara ya mwisho, amefungiwa nguo zake kwenye mfuko, na mjomba amekuja na pikipiki ya kukodi. Yule aliyekuja na kanga mbili anaondoka na tatu na mtoto mgongoni. Wenzake wanamsindikiza hadi njia panda, wanamshika mtoto mashavu, wanarudi ndani kwa sababu saa ya maziwa imefika. Kule kijijini watamwita kwa jina la mtoto, Mama Fulani, kama anavyoitwa mwanamke yeyote aliyezaa.